Ukienda Kongamano la Homoni za Ubongo, Nenda na Swali la Pwani

Vijana wa baiolojia, uvuvi na uuguzi wa huku kwetu Malindi huniuliza sana namna ya kufika kwenye makongamano makubwa ya sayansi, hasa haya ya homoni za ubongo na uzazi ambayo nimejaaliwa kuyahudhuria. Huniuliza kuhusu viza, nauli na Kiingereza. Hayo nitayagusa, maana yana uzito wake. Lakini kuna jambo linaloyatangulia yote: usiende kusikiliza tu. Nenda na swali ambalo mtu wa huko hawezi kuliuliza, kwa sababu haishi tunapoishi sisi. Anayeshughulika na uzazi wa samaki, mbuzi au binadamu hapa Malindi au kule Lamu amezungukwa na maswali ya namna hiyo, na mara nyingi hajui yana thamani gani mpaka ayatoe mbele ya watu.

Kazi yangu ni ya samaki. Nafanya na vikundi vinavyofuga mwatiko upande wa Ngomeni, katika mabwawa yaliyochimbwa nyuma ya mikoko na kujazwa maji wakati wa bamvua. Tatizo letu kubwa ni vifaranga. Mwatiko huchukua miaka 5 au zaidi kukomaa, na akikomaa hutaga bahari kuu, si bwawani. Kwa hiyo vikundi hungoja msimu, akina mama na vijana huingia vijitoni na nyavu za macho madogo, wakakusanya vifaranga vilivyoletwa na maji. Msimu ukiwa mbaya, mabwawa hubaki matupu na watu wamekwisha kutia jasho lao. Wenzetu wa Ufilipino na Taiwan walilishughulikia jambo hili zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kumtagisha mwatiko kwa sindano za homoni, na mwaka 1980, huko Igang nchini Ufilipino, mwatiko waliofugwa katika vizimba vya baharini walitaga wenyewe. Ukitaka kuelewa kwa nini samaki mwenye afya njema anakaa bwawani na mayai yasiyoiva, utafuata nyayo kutoka kwenye mayai mpaka kwenye damu, na kutoka kwenye damu mpaka kwenye ubongo. Ndiyo njia iliyonifikisha mimi huko.

Hilo ndilo swali la kazi. La pili nilipewa na ami mmoja, mvuvi wa malema, yaani mitego ya samaki, wa siku nyingi, siku moja tuliposimama penye mizani ya samaki. Aliniambia: "Mwanangu, wewe umesoma. Huyu tafi hana kalenda, na huko chini haoni kama tuonavyo sisi. Nani humwambia kuwa mwezi umefika mahali pake, akaenda kutaga?" Nikamwahidi kuliuliza mbele ya wanaojua. Nilipotengeneza bango langu la kongamano, niliweka maneno yake juu kabisa, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Kila aliyepita alisimama. Sitii chumvi: bango lile liliniletea mazungumzo mengi kuliko kitu kingine chochote nilichobeba.

Ijue fani kabla ya kupanda ndege

Watu wa kongamano hili huzungumza kwa vifupisho, na mgeni anaweza kukaa ukumbini asubuhi nzima asiambulie kitu. Kabla ya safari, jisomee namna fani ilivyojengwa. Si lazima usome mengi, ila yasome mpaka uweze kumweleza mtu wa nyumbani kwenu akaelewa.

Kwenye sakafu ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, na chini yake inaning'inia tezi ya pituitari, ambayo kwa mtu mzima haifiki hata gramu moja. Pituitari ndiyo inayotoa homoni zinazoamsha ovari na korodani. Katikati ya karne ya 20 Mwingereza Geoffrey Harris alionyesha kwamba tezi hii haijitawali: ubongo huituma kwa kemikali zinazopita katika mishipa midogo ya damu iliyo kati yao. Kemikali ya uzazi yenyewe ilitambuliwa mwaka 1971. Andrew Schally na Roger Guillemin, waliokuwa wakishindana vikali huko Marekani, kila mmoja na kikosi chake, waliichuja kutoka haipothalamasi za nguruwe na kondoo, na kazi hiyo ilitaka vichwa vya wanyama kwa malaki. Walichokipata ni mnyororo wa asidi amino 10 tu. Huitwa GnRH, na kifupisho hicho utakisikia kutoka asubuhi hadi jioni. Mwaka 1977 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rosalyn Yalow, aliyewezesha homoni zilizo kidogo mno katika damu kupimika.

Jambo ambalo nakuomba ulishike vizuri kuliko yote ni la mwaka 1978. Ernst Knobil na wenzake wa Pittsburgh walichukua tumbili aina ya rhesus ambao haipothalamasi zao zilikuwa zimeharibiwa, wakawatia GnRH kutoka nje. Walipoitia mfululizo bila kukata, homoni za pituitari zilishuka. Walipoitia kwa vipindi, mara moja kila saa, homoni zilirudi juu. Dawa ni ileile, tezi ni ileile. Kilichobadilika ni mapigo. Pituitari ni kama mwenyeji mstaarabu: ukibisha hodi ukangoja, ukabisha tena, atakufungulia, lakini ukigonga bila kupumua atajifungia ndani. Tiba mbili zinazokwenda kinyume zimejengwa juu ya jambo hilo. Mwanamke ambaye ubongo wake hautoi mapigo anaweza kuwekewa pampu ndogo inayompa GnRH kwa vipindi, akapevusha yai. Na dawa za jamii hiyohiyo zinazokaa mwilini muda mrefu hutumika kuzima homoni za uzazi kwa wenye saratani ya tezi dume, kwa watoto wanaobaleghe mapema mno, na kwa wanawake wenye endometriosisi, yaani utando kama wa mji wa mimba unaoota nje yake.

Baadaye watu wakauliza: mapigo yenyewe yanatoka wapi? Mwaka 1996, mjini Hershey, Pennsylvania, iligunduliwa jeni ambayo watafiti waliichunguza kwa sababu ilizuia saratani kusambaa, wakaiita KiSS1, kutokana na chokoleti ya mji huo iitwayo Kisses. Mwaka 2003 makundi mawili, moja la Ufaransa na jingine la Boston, yalionyesha kwamba watu ambao kipokezi cha protini ya jeni hiyo, yaani sehemu ya seli inayoipokea, kina hitilafu hawabaleghe. Protini hiyo ni kisipeptini. Kuanzia hapo fani ilibadilika, hata yakawepo makongamano ya kisipeptini peke yake. La kwanza lilifanyika Córdoba, Hispania, mwaka 2008. Leo inafahamika kwamba kuna seli za haipothalamasi zenye kemikali tatu kwa pamoja, yaani kisipeptini, nyurokinini B na dainofini. Moja huwasha, nyingine huzima, na kutokana na kupokezana huko mapigo huzaliwa. Watafiti wa Japani waliyanasa mapigo hayo kwa nyaya ndogo katika ubongo wa mbuzi. Na mwezi wa Mei 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya fezolinetanti kwa wanawake waliokoma hedhi wanaosumbuliwa na joto la ghafla mwilini. Inafanya kazi kwa kuziba kipokezi cha nyurokinini B. Elimu iliyoanzia kwenye vichwa vya kondoo machinjioni imefika kwenye kitanda cha mama asiyepata usingizi usiku.

Ukiyajua hayo, utaweza kufuata nusu ya mada. Nusu nyingine utaifuata kwa kumuuliza aliyekaa karibu nawe. Usione haya. Fani ni pana, na bingwa wa panya hana habari za samaki.

Kwa nini swali la Pwani lina soko

Sehemu kubwa ya elimu ya misimu ya uzazi imetokana na wanyama wa nchi za baridi. Kondoo wa Uskoti hupandwa siku zinapofupika, ili azae majani mapya yanapochipua. Usiku ukirefuka, melatonini, homoni ya giza inayotolewa na tezi ya pineali ubongoni, hukaa damuni kwa saa nyingi zaidi, na ubongo huusoma urefu huo na kuujua msimu. Ni elimu nzuri, imefanyiwa kazi kwa miaka mingi, na ukumbini utaiona katika michoro mingi.

Sasa tazama kwetu. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki nusu saa. Mbuzi wa Lamu huzaa miezi yote. Baharini, ingawa siku hazirefuki wala kufupika, samaki wana misimu yao, na wavuvi wanaijua kwa majina: kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Basi viumbe wetu husoma nini, ikiwa urefu wa siku hausomeki? Mtu wa Edinburgh hawezi kuliuliza swali hilo kutokana na dirisha lake. Sisi tunaweza, na tunao wazee wanaozishika tarehe za mwezi kichwani.

Nilipolitoa, nilikuta wapo waliokwisha kuanza kulijibu. Huko Okinawa, Japani, watafiti wamefanya kazi ndefu na jamaa wa tafi wetu, Siganus guttatus, ambaye hutaga mwezi unapofika robo ya kwanza. Walipima melatonini ya samaki hao wakaona kwamba usiku wa mwezi mpevu iko chini kuliko usiku wa giza. Walipowafuga katika usiku ambao mwanga wake haubadiliki, mpangilio wa kutaga ulivurugika. Na huko Shelisheli, tafi wa aina yetu hasa, Siganus sutor, wamefuatiliwa wakikusanyika kutaga karibu na mwezi mpevu. Tafi wawili wa jamii moja, kila mmoja na sehemu yake ya mwezi! Kwa hiyo mwanga wa mwezi unasomwa, lakini kila ubongo unautafsiri kwa namna yake. Ami alikuwa ameuliza swali ambalo maabara zinalihangaikia.

Swali la mabwawa nalo lilikuwa na ladha yake. Kama nilivyosema, tumbili akipewa GnRH mfululizo, mfumo wake huzimika. Lakini kwa samaki wengi wa kufugwa, kipande kidogo cha dawa ya jamii ya GnRH kinachowekwa ndani ya msuli na kuyeyuka polepole kwa siku kadhaa huwafanya wapevushe mayai na kutaga. Mbona tumbili hufunga na samaki hufungua? Nililiuliza hilo kwa mtu wa tumbili na mtu wa samaki wakiwa wamesimama pamoja mbele ya bango langu, nikawaacha wao kwa wao. Nilijifunza mengi kwa kuwasikiliza wakijibizana. Pituitari ya samaki wenye mifupa haitegemei mishipa ile ya damu aliyoionyesha Harris. Nyuzi za neva kutoka kwenye ubongo huingia moja kwa moja ndani ya tezi. Tena, mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba samaki wadogo aina ya zebrafish walioondolewa jeni za kisipeptini waliendelea kuzaa, ilhali panya wa namna hiyo ni tasa. Hapa nakusihi uwe macho. Ukisoma jambo la panya, usilibebe zima mpaka kwenye bwawa la Ngomeni. Uliza kwanza kama limejaribiwa kwa samaki, na kwa samaki gani.

Kaa pia katika chumba kisicho chako

Makongamano haya huwa na vikao kadhaa kwa wakati mmoja. Wengi hujifungia katika kikao cha mnyama wao. Mimi nakushauri kila siku uingie angalau kikao kimoja kisichokuhusu, kwa sababu ubongo wa uzazi ni wa kale sana na mambo yake hurudi kwa sura nyingine.

Mfano ni dopamini, kemikali ya ubongo. Kwa samaki wengi, kambare na jamii ya kapu wakiwemo, dopamini ndiyo breki inayoizuia pituitari isitoe homoni ya kupevusha mayai. Richard Peter wa Kanada na Lin Haoran wa China walitengeneza njia ya kumpa samaki dawa ya jamii ya GnRH pamoja na dawa ya kuondoa breki hiyo, na mojawapo ya dawa hizo za kuondoa breki ni domperidoni. Wanaototolesha vifaranga vya kambare wanaifahamu. Mimi niliijua kama dawa ya samaki. Nilipoingia kikao cha matibabu nikaikuta tena: domperidoni ileile inayouzwa famasi kwa ajili ya kichefuchefu. Kwa binadamu dopamini huizuia prolaktini, homoni ya maziwa. Ukiondoa breki, prolaktini hupanda, na prolaktini ikipanda huyapunguza mapigo ya GnRH. Mwanamke anaweza kukosa hedhi, hata kutokwa na maziwa ilhali hanyonyeshi. Metoklopramidi hufanya hivyo pia, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. Siku hizi, jamaa akiniambia kwamba mke wa fulani hashiki mimba na watu wameanza kunong'ona mambo ya hasidi na majini, nauliza: anatumia dawa gani? Mwambieni aende kwa daktari na pakiti za dawa zote mkononi, na asiache dawa yoyote kabla ya kuonana naye. Na mumewe aende pia, apimwe. Nalisisitiza hili la mume kwa sababu mitaani kwetu mzigo wa kukosa mtoto hutwikwa mwanamke peke yake, na hiyo ni dhuluma.

Jambo jingine nililolipata katika chumba kisicho changu ni la pua. Seli zinazotoa GnRH hazizaliwi ndani ya ubongo. Mimba ikiwa changa huanzia sehemu ya pua, kisha husafiri hadi kwenye haipothalamasi. Hilo lilionyeshwa kwa panya mwaka 1989. Safari hiyo ikikatika, mtoto huzaliwa asiyesikia harufu, na ukifika umri wa kubaleghe habaleghe. Ni hali ya Kallmann, iliyoitwa kwa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1944. Kwetu, kijana wa miaka 18 ambaye sauti haijavunjika wala ndevu hazijaota hufanyiwa mzaha barazani, na wazazi humzungusha kwa waganga huku wakilificha. Lakini ni swali rahisi kabisa kumuuliza, kwa faragha na kwa heshima: unasikia harufu ya udi? Ya asmini? Ya karafuu? Akisema hajawahi kusikia harufu maishani mwake, hiyo ni habari kubwa ya kumpelekea daktari wa homoni. Hali hiyo ina matibabu. Kwa homoni kijana anaweza kubaleghe, na wengi huweza kupata watoto baadaye. Wauguzi wa zahanati za vijijini wakilijua hili tu, kuna nyumba zitapumua.

Fedha, viza na mengineyo

Mikutano ni mingi, kwa hiyo chagua. Kongamano la kimataifa la nyuroendokrinolojia, yaani elimu ya homoni za ubongo, huja kila baada ya miaka minne. Lilikuwa Toronto mwaka 2018 na Glasgow mwaka 2022. Kwa watu wa samaki kuna lile la fiziolojia ya uzazi wa samaki, lililofanyika Olhão, Ureno, mwaka 2014 na Manaus, Brazili, mwaka 2018. Usiidharau mikutano ya Afrika pia. Chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika, SONA, hufanya mkutano wake kila baada ya miaka miwili, na hapo utakutana na watu wanaozijua shida zako za umeme na barafu.

Ruzuku za safari mara nyingi huombwa wakati uleule wa kutuma ikisari, yaani muhtasari wa utafiti wako, miezi mingi kabla ya mkutano wenyewe. Anayengoja ikisari ikubaliwe ndipo atafute nauli hukuta milango imefungwa. Angalia ada ya wanafunzi na ada ya nchi zenye kipato cha chini. Kama haikuandikwa, andika barua uulize. Shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, limekuwa likitoa ruzuku kwa watafiti wa nchi zetu. Ikisari yenyewe iwe na matokeo, hata yakiwa machache: umepima nini, kwa samaki au watu wangapi, umeona nini. Ikisari inayoahidi kwamba "matokeo yatajadiliwa" haivutii ufadhili.

Viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inaweza kuombwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Iombe mapema, maana alama za vidole zitakupeleka Nairobi. Beba barua ya mwaliko, barua ya mwajiri au chuo, taarifa za benki, na uthibitisho wa anayelipa nauli na malazi.

Bango lichapishe kwenye kitambaa, Mombasa wanafanya. Utalikunja begini na halitaharibika. Wanaosali waulize waandaaji mapema kuhusu chumba cha sala, na waangalie saa za magharibi: wakati wa kiangazi cha kaskazini mwa Ulaya jua huzama saa 4 usiku, ukumbi umeshafungwa. Chakula halali kiandike katika fomu ya kujisajili.

Kuhusu Kiingereza, wengi utakaokutana nao hawakuzaliwa nacho. Ukumbi una Wajapani, Wahispania, Wabrazili na Wafaransa, kila mmoja na lafudhi yake. Kinachomshinda mtu ni kutokuwa na maneno mafupi ya kuieleza kazi yake. Jizoeze kwa Kiswahili kwanza. Nilikwenda kwa wavuvi, nikawaeleza bango langu wakiwa wanatengeneza malema, nikawa nakata kila neno walilolikunjia uso. Nilipofika huko, Kiingereza kilifuata, kwa kuwa mawazo yalikuwa yamekwisha kunyooka.

Ukumbini, baada ya mada, muda wa maswali ni dakika chache. Simama, taja jina lako na unakotoka, uliza swali moja. Taja Malindi. Taja Lamu. Watu watakutafuta wakati wa chai.

Ukirudi

Rudi na majibu kwa waliokupa maswali, na usingoje mwaka upite. Mimi nilikaa na BMU yetu, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, nikawaeleza habari za tafi wa Okinawa na wa Shelisheli. Hawakuridhika, na ni haki yao. Walitaka kujua ya hapa. Tumekubaliana kwamba baadhi ya wavuvi waandike tarehe ya mwezi na hali ya mayai ya tafi wanaowapasua, katika daftari la kawaida. Hakuna maabara ya Ulaya iliyo na daftari kama hilo kuhusu bahari yetu. Ami mwenyewe hakutaka kushika kalamu, ila mjukuu wake anaandika na yeye anasema.

Pia utakuja na anwani za barua pepe za watu wenye mashine ambazo sisi hatuna. Waandikie ndani ya juma la kwanza, barua fupi, ukiwakumbusha mliongea nini na unataka nini hasa. Wapo watakaokuambia: tutumie bongo za samaki hao, tutazipima sisi. Ni nia njema, na huenda ikawa bahati yako. Lakini usitie sampuli begini wala usizitume kwa ndege bila karatasi. Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inayolinda haki ya nchi na jamii juu ya rasilimali za kijenetiki. Utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kutumia rasilimali hizo. Kabla ya vibali, muwe na mkataba wa maandishi unaosema nani atakuwa mwandishi wa makala, data zitakaa wapi, kijana gani wa hapa atakwenda kufunzwa kuitumia mashine hiyo, na wavuvi na vikundi vya mabwawa watarudishiwa nini. Ikiwa upande wa pili hauko tayari kuyaandika hayo, sampuli zibaki kwenye friza ya Malindi mpaka apatikane aliye tayari.